Kidole si kipanya: jibu kwa mwenye duka aliyenunua vishikwambi

*"Nina duka la vifaa vya ujenzi lenye ghala nyuma. Kwa miaka mingi tumeuza kwa kompyuta mbili za mezani zenye programu ya mauzo na hesabu ya bidhaa. Mwaka huu nilinunua vishikwambi vinne vya Android, viwili vya kaunta na viwili vya ghalani. Fundi alituwekea njia ya kufungua programu ileile kwenye vishikwambi kupitia mtandao, yaani tunaiona kompyuta ya ofisini humo ndani. Sasa imekuwa kero. Vitufe ni vidogo na wauzaji wanabonyeza visivyo. Juzi mteja alichukua mifuko minne ya saruji, risiti ikatoka arobaini. Vijana wa ghalani wakivaa glovu skrini haisikii, na ikiwa na maji inajibonyeza yenyewe. Kishikwambi kimoja cha kaunta, ambacho hakichomolewi kwenye chaja, kimeanza kubenuka mgongoni. Fundi anasema ninunue skrini kubwa za kugusa za viwandani. Mwenzangu anasema turudi kwenye kompyuta. Je, nilikosea kununua vishikwambi?"*

Ndugu msomaji, kabla ya swali lako nianze na hicho kilichobenuka, maana hakisubiri. Kichomoe kwenye chaja sasa hivi na ukizime. Usikibonyeze ili mgongo urudi, usikitoboe, usijaribu kukifungua, wala usimruhusu mtu aendelee kukitumia kwa sababu eti bado kinawaka. Kiweke juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na karatasi na mbali kabisa na rangi, thina na vimiminika vingine vinavyoshika moto, ambavyo duka kama lako haliwezi kuvikosa. Kisha kipeleke kwa fundi anayeaminika wa vifaa vya aina hiyo. Betri iliyovimba haitengenezwi. Inatolewa na kupelekwa panapopokelewa taka za kielektroniki, si kwenye pipa la kawaida.

Kilichokifikisha hapo si ubovu wa bahati mbaya. Betri ya lithiamu huchakaa haraka mambo mawili yanapokutana: kukaa na chaji ya asilimia 100 muda mrefu, na joto. Kishikwambi kilichochomekwa usiku na mchana kinayapata yote mawili, hasa kikiwa ndani ya kava nene au kikipigwa na jua la dirishani. Kemikali za ndani huvunjika polepole na kutoa gesi, na kwa kuwa betri yenyewe ni kifuko laini kilichozibwa, gesi haina pa kwenda ila kuusukuma mgongo. Kile cha pili cha kaunta kiko kwenye njia hiyohiyo. Tazama kwenye mipangilio ya betri kama kuna chaguo la kuzuia chaji isipite asilimia 80 hivi. Vishikwambi vingi vya miaka ya karibuni vinalo. Kama hakuna, weka chaja kwenye swichi yenye saa, iwake kwa muda mfupi na kuzimika, ili chaji iwe inapanda na kushuka badala ya kuganda juu.

Sasa swali lako. Hukukosea kununua vishikwambi. Kosa limekaa mahali pengine, na nikikueleza kinachotokea chini ya kioo utaliona mwenyewe.

Chini ya kioo cha kishikwambi kuna gridi ya nyaya nyembamba mno zisizoonekana, mara nyingi za oksidi yenye madini ya indiamu. Gridi hiyo inashikilia chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu unapitisha umeme, kwa hiyo kidole kikikaribia, chaji ya eneo hilo inabadilika. Kifaa kinaikagua gridi nzima mara 60 au zaidi kwa kila sekunde, kinaona doa la mabadiliko, kisha kinakadiria katikati ya doa hilo ni wapi. Angalia neno hilo, kukadiria. Mshale wa kipanya unaonyesha nukta moja. Kidole kinaacha doa lenye upana unaokaribia sentimita moja, na tena kinafunika kile ambacho mtu anataka kukiona.

Programu yako iliandikwa kwa ajili ya mshale. Mwandishi wake alijua kwamba mtumiaji ataona kitufe kikibadilika rangi mshale unapopita juu yake kabla ya kukibofya. Alijua kuna kitufe cha kulia cha kipanya kinachofungua orodha. Kidole hakina kupita juu bila kugusa: kimegusa au hakijagusa. Kisha programu hiyo iliyopangwa kwa skrini ya inchi 21 imefinywa iingie kwenye inchi 10. Kitufe kilichokuwa na upana wa milimita 8 sasa hakifiki hata 4. Mwongozo wa Android kwa waunda programu unataka sehemu ya kugusa isipungue milimita 9 hivi kila upande, na iwe na nafasi kidogo kati yake na jirani yake. Wauzaji wako si wazembe. Wamepewa shabaha iliyo ndogo kuliko kidole chao.

Nakuomba uwaambie hivyo kwa maneno, maana nimeona mara nyingi lawama ya kosa la namna hii inavyomwangukia kijana wa kaunta, naye anaanza kukiogopa kifaa, na mwenye hofu hukosea zaidi.

Kuna jambo la pili linaloongeza makosa. Mnapoitazama kompyuta ya ofisini kupitia mtandao, kila mguso unasafiri hadi kwenye kompyuta hiyo, kazi inafanyika kule, kisha picha mpya inarudi. Mtandao ukilegea hata kwa nusu sekunde, muuzaji haoni jibu, anadhani hakubonyeza vizuri, anabonyeza tena. Miguso yote miwili inafika.

Lakini ile mifuko arobaini nadhani ina sababu nyingine, na unaweza kuipima leo. Fungua ukurasa wa mauzo uangalie kisanduku cha idadi kabla hujaandika chochote. Je, ndani yake tayari kuna sifuri? Kwenye kompyuta, muuzaji alizoea kufika hapo kwa kitufe cha Tab, na programu ikawa inaichagua sifuri yote, hivyo akiandika 4 sifuri inafutika. Kwenye kishikwambi anagusa kisanduku kwa kidole, na mguso unaweka alama ya kuandikia mbele au nyuma ya sifuri bila kuichagua. Ikikaa mbele yake, anaandika 4 na sifuri inabaki palepale nyuma. Nne inakuwa arobaini. Ikiwa ndivyo, mwombe mtengenezaji wa programu aache kisanduku kitupu, au mguso wa kwanza uchague kila kilichomo. Ni marekebisho madogo. Mwombe pia idadi iliyozidi kiwango cha kawaida cha bidhaa fulani iulize "Una hakika?" kabla ya risiti kutoka.

Hili la kulazimisha programu ya kipanya ikubali kuguswa wengine wamelipitia kabla yako. Mwaka 2002 Microsoft ilitoa toleo la Windows XP la kompyuta bapa za kalamu. Lilikuwa Windows ileile, na vitufe vyake vilevile vya kipanya, halafu likahitaji kalamu maalumu ili mtu aweze kuvipata. Halikuenea. Mwaka 2010 ilipotoka iPad, kila kitu ndani yake kilikuwa kimechorwa upya kwa ajili ya kidole, na watu wasiowahi kugusa kompyuta wakaielewa kwa siku moja. Na mapema kuliko hapo, mwaka 1986, Gene Mosher alionyesha kwenye maonyesho ya kompyuta ya Comdex huko Las Vegas programu ya mauzo ya mgahawa iliyotumika kwa kugusa, ikiendeshwa na kompyuta ya Atari yenye nguvu ndogo kuliko simu yoyote ya leo. Wahudumu waligusa picha za rangi zilizochorwa kwa ajili ya kazi yao. Mchoro wa kazi ndio ulioamua.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtengenezaji wa programu yako ni hili: mna toleo lililoundwa kwa skrini ya kugusa, linalotumia hifadhidata yetu hiihii, yaani kumbukumbu zetu zilezile za bidhaa na mauzo? Watengenezaji wengi wanalo sasa, ama kama programu ya Android, ama kama ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari. Akisema ndiyo, usikubali kuonyeshwa na yeye. Mpe kishikwambi muuzaji wako, mteja awe mbele yake, wewe kaa pembeni kimya. Auze bidhaa tatu, afute moja, atoe punguzo, arudishe bidhaa iliyouzwa jana. Halafu, katikati ya mauzo, zima Wi-Fi. Hapo ndipo utajua unanunua nini. Programu nzuri inaendelea kuuza, inahifadhi mauzo ndani ya kishikwambi, na mtandao ukirudi inayapeleka kwenye hifadhidata kuu. Muulize pia inafanya nini wauzaji wawili waliokatikiwa mtandao wakiuza mfuko uleule wa mwisho. Asiye na jibu hajalifikiria, na wewe ndiye utakayelifikiria siku mteja aliyekwisha kulipa atakaposimama kaunta bila mzigo.

Akisema hana toleo hilo, bado hamjakwama. Kwenye kompyuta inayotazamwa, ongezeni ukubwa wa maandishi na vitufe hadi asilimia 150 au 200 kama programu inavumilia. Baadhi ya kurasa zitavunjika, jaribuni kwanza. Wekeni vitufe vikubwa vya tarakimu. Haya ni ya kupunguza maumivu tu. Ikiwa baada ya hapo makosa yanaendelea, ama mbadilishe programu, ama kaunta irudi kwenye kibodi na kipanya. Kurudi huko si aibu.

Twende ghalani, ambako shida ni ya umeme zaidi kuliko ya mchoro. Glovu nene inazuia umeme, kwa hiyo gridi haimhisi mtu. Maji yanafanya kinyume chake: yanapitisha umeme, na tone lililotua kwenye kioo linaweza kusomeka kama kidole, ndiyo maana unaona skrini ikijibonyeza. Vishikwambi vingine vina hali ya glovu kwenye mipangilio, inayoongeza usikivu wa kioo. Itafute, lakini ujue kioo kilichoongezewa usikivu kinadanganyika zaidi na maji. Glovu zenye nyuzi za kupitisha umeme kwenye ncha za vidole zipo, nazo zinafaa mpaka zichafuke kwa saruji au rangi. Ukaguzi mmoja zaidi: kama kishikwambi kinajibonyeza kikiwa kikavu, na hasa kikiwa kimechomekwa, shuku chaja. Chaja hafifu inaingiza kelele za umeme kwenye gridi. Chomoa uone kama kunatulia. Na mgongo uliovimba nao unaweza kuisukuma skrini kutoka nyuma na kuleta miguso ya uongo, kwa hiyo pitisha mkono kwenye migongo yote minne.

Hapa kuna imani ambayo ningependa uiache. Wauzaji watakuonyesha kifaa chenye alama ya IP67 na kusema hakiogopi maji. Tarakimu ya kwanza, 6, inamaanisha vumbi haliingii, na kwa ghala la saruji hiyo ndiyo tarakimu yenye thamani kwako. Ya pili, 7, inamaanisha kilizamishwa kwenye maji safi yenye kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila kudhurika. Haisemi kabisa kwamba skrini itakusikiliza ikiwa imelowa.

Ningekushauri zaidi upunguze kugusa ghalani kuliko kutafuta kioo kinachosikia kila kitu. Vijana wale wanafanya nini hasa? Wanapokea mzigo, wanahesabu, wanatoa mzigo kwa orodha. Kazi zote tatu ni za msimbopau, ile mistari myeusi inayobandikwa kwenye bidhaa. Skana ya mkononi yenye kitufe cha kufyatua inabonyezwa hata na glovu nene, na kwa kishikwambi inaonekana kama kibodi iliyounganishwa kwa Bluetooth: inasoma msimbo na kuuandika, basi. Kishikwambi kinabaki kimetundikwa ukutani au kwenye toroli kikionyesha orodha, na kidole kinahitajika mara chache tu kuthibitisha. Tena mtu anayebeba mifuko hana mkono wa tatu wa kushika bapa la inchi 10. Kama wanazunguka mno, kifaa cha saizi ya simu chenye skana ndani yake kitawafaa kuliko vishikwambi mlivyonavyo, na hivyo viwili vikahamia kaunta.

Sasa nimtendee haki fundi wako. Skrini za kugusa za viwandani si wazo baya, ila amezipendekeza kwa sababu isiyo kamili. Skrini kubwa itakuza vitufe, kweli, na yenye kufungwa mahali pamoja bila betri haitavimba hata ikiwaka mwaka mzima. Kwa kaunta ambayo haihami, hiyo ni hoja nzito, na kama ungekuwa unaanza leo ningekuambia uifikirie. Lakini haitaongeza kitufe cha kulia kwenye kidole, wala kuirekebisha ile sifuri. Na ikisimamishwa wima kama runinga, muuzaji atanyanyua mkono hewani siku nzima na bega litamuuma kabla ya jioni. Iwe skrini kubwa au kishikwambi, ilaze kidogo kuelekea kwa mtumiaji, chini ya kimo cha bega.

Mwenzako naye ana ukweli wake. Kuna kazi ambayo kioo hakitaiweza kamwe kama kibodi: kuingiza ankara ndefu za wasambazaji, kupanga bei, kufunga hesabu za mwezi. Anayeandika mistari mia anahitaji vitufe anavyovihisi bila kuvitazama. Acha kompyuta moja ofisini kwa kazi hiyo, na isiwe ndiyo ileile ambayo vishikwambi vinaitegemea, maana siku ikizimwa kwa bahati mbaya duka zima litasimama.

Yapo mengine ambayo hukuuliza. Kila muuzaji awe na namba yake ya siri, si namba moja ya wote. Bila hivyo hutajua kosa lilianzia wapi wala hutaweza kumsaidia anayekosea. Android ina njia ya kubana skrini kwenye programu moja tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, nayo inasaidia kuzuia mtu kuhamia kwenye video akiwa kazini. Muulize muuzaji wa vishikwambi masasisho ya usalama ya aina hiyo yanakoma mwaka gani, kwa sababu kifaa kinaweza kuwa kizima kwa umbo huku kikiwa mlango wazi kwa wezi wa data. Namba za kadi za benki za wateja zisiandikwe ndani ya vishikwambi popote, hata kwenye sehemu ya maelezo. Malipo ya kadi yapite kwenye kifaa kilichoidhinishwa kwa kazi hiyo. Na kabla ya kununua printa ya risiti, ione ikichapisha kutoka kwenye programu yako na kishikwambi chako. Neno la "inakubali Android" halitoshi.

Mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi ni pawili, mbali na ile betri. Kwanza, ukiamua kuhamisha data kwenda programu nyingine, usifanye kwa kubahatisha. Mpate mtu aje, achukue nakala kamili ya hifadhidata, aijaribu kuirudisha kwenye kompyuta nyingine mbele yako ndipo aguse chochote. Pili, mwombe fundi wako, au mwingine kama yeye hataki, akae kaunta nusu siku yenye wateja wengi bila kusema neno, aandike kila mguso uliokwenda kombo: kitufe gani, ukurasa gani, mtandao ulikuwaje. Karatasi hiyo moja ndiyo itakayokuonyesha ununue nini, kama kuna cha kununua.

Ningependa wakati huohuo ufanye jaribio dogo. Chagua yule muuzaji anayelalamika kuliko wote, maana ndiye anayeziona kasoro. Mpe kishikwambi kimoja kizima, kilicholazwa vizuri, chenye vitufe vilivyokuzwa na kisanduku cha idadi kisicho na sifuri, auze nacho kwa juma moja huku wengine wakiendelea kwa kompyuta. Mwisho wa juma hesabuni risiti zilizofutwa, zake na zao.